Kuitika "Nipo": Tafakuri na Afya ya Mwili



Mtu akikutana na jirani yake sokoni Kibiti au gatini Nyamisati humwuliza, "Upo?" Naye huitika, "Nipo." Salamu hiyo tunaitoa mara nyingi kwa siku pasipo kuifikiria. Mwezi huu tungependa tuifikirie pamoja, kwa sababu sisi wauguzi tunaona kwamba wengi wanaoitika hivyo hawapo. Mwili umesimama mbele ya jirani, lakini akili iko kwenye mpunga uliochukuliwa na maji, au kwa mtoto aliyeko Dar es Salaam ambaye hapigi simu, au kwenye deni la dukani. Na mwili ukiachwa peke yake kwa muda mrefu huanza kuugua.

Somo letu ni tafakuri, yaani namna ya kutulia kwa dakika chache kila siku hadi mtu atambue kwamba yupo: hapa, sasa, mbele ya Mungu. Hili ni jambo la sala, na ni jambo la afya pia. Halihitaji fedha wala kisomo.

MWILI UPO, AKILI HAIPO

Tuchukue mfano. Mama anafika zahanati. Kichwa kinamuuma, moyo unamwenda mbio, mabega ni mazito, usingizi haupati. Anapimwa malaria, hana. Anapimwa damu, inatosha. Shinikizo la damu limepanda kidogo. Anapewa dawa ya maumivu na kurudi nyumbani, na baada ya wiki mbili yupo tena kwenye benchi na malalamiko yale yale. Akiulizwa taratibu, anaeleza kwamba tangu mafuriko hajalala vizuri. Mvua ikinyesha usiku, hata ya kawaida, huamka na kukaa kitako akisikiliza kama maji yanaingia ndani.

Watu wa namna hii si wachache kwetu. Mafuriko ya Aprili 2024 yaliingia katika nyumba na mashamba mengi ya Rufiji na Kibiti. Kabla ya hapo tulipita katika hofu ya mauaji yaliyozikumba wilaya za Kibiti, Rufiji na Mkuranga, ambapo viongozi wa vijiji na raia wengine walipoteza maisha, na askari polisi wanane waliuawa kwa siku moja, Aprili 13, 2017. Maji yalishuka na siku zile zilipita, lakini mwili una kumbukumbu yake. Mwenye nyumba amekwisha kujenga upya, ila moyo wake bado uko juu ya paa.

Kwa nini huwa hivyo? Mwenyezi Mungu ametuumba na mishipa ya fahamu inayofanya kazi pasipo sisi kuiamuru, nayo ina pande mbili. Upande wa kwanza ni wa hatari. Ukikutana na kiboko kandokando ya mto, mishipa hii hufanya moyo kwenda mbio, hupandisha shinikizo la damu, hukaza misuli na kupunguza kazi ya tumbo, ili nguvu yote iende miguuni ukimbie. Upande wa pili ni wa utulivu. Huu hupunguza mwendo wa moyo, hulegeza misuli, huliwezesha tumbo kusaga chakula na kuuwezesha mwili kujitengeneza. Tunazihitaji pande zote mbili.

Shida ni kwamba mwili hautofautishi sawasawa kati ya kiboko aliye mbele yako na kiboko unayemuwaza kitandani. Kwa wote wawili hujiandaa kukimbia. Mtu anayeishi miezi mingi katika mawazo ya hatari hukaa na moyo wa mkimbiaji hali amelala. Huo ndio uchovu usioelezeka, ndiyo maumivu ya kichwa na ya shingo, ndiyo kiungulia, ndiyo hasira za ghafla kwa watoto.

Basi tufanye jaribio dogo. Weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, chini ya kidole gumba, usikie mshipa ukipiga. Vuta pumzi taratibu, kisha itoe taratibu zaidi. Watu wengi, hasa vijana, watasikia mshipa unaongeza mwendo kidogo pumzi inapoingia, na kuupunguza inapotoka. Moyo hatuwezi kuuamuru upige polepole, lakini pumzi twaweza kuiongoza, na moyo huifuata. Mtu mzima aliyepumzika hupumua kati ya mara 12 na 20 kwa dakika. Akipumua polepole, karibu mara 6 kwa dakika, ule upande wa utulivu hupata nafasi ya kufanya kazi yake.

TAFAKURI NI NINI?

Wengine hudhani kutafakari ni kuwaza sana. Anayewaza huchukuliwa na mawazo yake kama mtumbwi usio na pondo. Wengine hudhani ni kusinzia. Anayesinzia hajui kwamba yupo. Anayetafakari yu macho, ametulia, naye anajua kwamba yupo.

Wakulima wa bonde la Rufiji wanalo dungu, kile kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo katikati ya shamba la mpunga, ambapo mtu hukaa kuamia ndege mchana na kuwalinda nguruwe pori usiku. Aliyeko dunguni huona kwa mbali. Kundi la ndege likija, analiona. Likipita juu kwenda kwingine, analiacha lipite, kwa maana anayepigia kelele kila ndege hukauka sauti kabla ya adhuhuri. Ndege huja na kuondoka, mlinzi hubaki. Wala hajawahi kujidhania kuwa yeye ni ndege.

Ndani yetu mambo ni yale yale. Hofu huja, hasira huja, kumbukumbu ya maji huja. Mtu asiyejizoeza husema, "Mimi nimekwisha," kana kwamba yeye na hofu yake ni kitu kimoja. Aliyejizoeza kukaa dunguni husema, "Hofu imekuja." Kati ya maneno hayo mawili kuna tofauti kubwa. Anayeiona hofu si hofu. Alikuwapo kabla haijaja, na atakuwapo itakapoondoka. Hapo ndipo mtu anapoanza kujitambua, na hapo ndipo neno "nipo" linapopata maana.

Jambo hili limejaribiwa mahali penye shida kuliko kwetu. Katika makazi ya wakimbizi ya Rhino Camp, kaskazini mwa Uganda, wanawake karibu 700 wa Sudani Kusini walishiriki katika utafiti uliochapishwa mwaka 2020. Vikundi vilivyopewa mafunzo vilikutana mara 5, saa 2 kila mara, wakisikiliza maelekezo yaliyorekodiwa kwa lugha yao. Walifundishwa kuzitambua hisia na mawazo yao, kurudi mwilini kwa kusikia miguu na pumzi, na kuitazama tena dunia iliyowazunguka. Miezi 3 baadaye mfadhaiko wao ulikuwa umepungua kuliko wa wenzao ambao hawakupata mafunzo hayo. Mwaka huo huo wa 2020 Shirika la Afya Duniani lilitoa kijitabu chenye michoro kinachofundisha njia hizo hizo kwa watu wote.

JE, KANISA LINASEMAJE?

Baadhi ya waamini hutuuliza kama jambo hili si mlango wa dini za kigeni. Swali ni zuri. Katekisimu ya Kanisa Katoliki inataja namna tatu za sala: sala ya sauti, tafakari na taamuli, ambayo ni sala ya kimya ya kumtazama Mungu. Hivyo, kukaa kimya mbele ya Mungu ni mali yetu ya zamani.

Mtoto Samweli aliitwa usiku, naye mara tatu akakimbia kwa Eli akidhani ndiye aliyemwita. Alikuwa na utayari wa kuitika, ila alikuwa akikimbilia mahali pasipo penyewe. Eli alimwelekeza arudi alale mahali pake na asikilize. Nasi pia mara nyingi tunakimbia huku na huku tukiitika kila sauti, kumbe tunahitaji kurudi mahali petu.

Nabii Eliya naye alikimbilia jangwani akiwa amekata tamaa, akaomba afe. Kabla ya kufika Horebu na kusikia ile sauti ndogo ya utulivu, alipewa kwanza usingizi, mkate na maji, na hayo mara mbili. Sisi wauguzi tunaipenda sana habari hii. Mungu aliuhudumia mwili kwanza. Mwenye njaa na mwenye homa tusimfundishe tafakuri kabla hajala na kutibiwa.

Hapa Afrika, Mtakatifu Antoni wa Misri, aliyefariki mwaka 356, aliishi jangwani kwa sala. Mapokeo yasimulia kwamba siku moja alipolemewa na mawazo alimwona mtu aliyefanana naye ameketi akisuka kamba, kisha akainuka kusali, kisha akaketi tena kusuka. Alielewa kwamba huyo ni malaika aliyetumwa kumfundisha. Akina mama wa Rufiji wanaosuka ukili wa mikeka wataielewa habari hiyo upesi: vidole vikiwa kazini na akili ikiwa pamoja na vidole, moyo hutulia.

Tarehe 15 Oktoba 1989 ofisi ya Vatikano inayosimamia mafundisho ya imani, chini ya Kardinali Joseph Ratzinger aliyekuja kuwa Papa Benedikto wa 16, iliwaandikia maaskofu wote barua kuhusu tafakari ya Kikristo. Barua hiyo inakubali kwamba namna ya kukaa na kupumua yaweza kumsaidia mtu kujiandaa kusali. Lakini inaonya kwamba utulivu wa mwili usidhaniwe kuwa ndio Roho Mtakatifu mwenyewe, na kwamba sala yetu ni kukutana na Mungu aliye hai, si kuzama ndani yetu wenyewe. Onyo hilo tulishike. Tunatulia ili tuwepo, na tunakuwepo ili tukutane naye. Jina ambalo Mungu alimfunulia Musa katika kichaka kilichowaka lahusu kuwapo kwake yeye. Kuwapo kwetu sisi ni zawadi kutoka kwake, tunayopewa upya kila pumzi.

NAMNA YA KUFANYA

1. Chagua wakati. Anza na dakika 5, na ukizoea ongeza hadi 15. Alfajiri kabla ya kuwasha moto ni wakati mwema. Mvuvi aweza kufanya anapongoja maji yajae, kijana wa bodaboda anapongoja abiria, mama anaponyonyesha.

2. Keti. Mkekani au kwenye kigoda, mgongo wima bila kukazwa, mikono juu ya mapaja. Macho yafumbe, au yaache wazi ukitazama mahali pamoja chini.

3. Fanya ishara ya msalaba polepole. Mwambie Mungu kimoyomoyo kwamba upo mbele yake. Neno "nipo" latosha.

4. Usikie mwili wako. Anza na nyayo zinavyogusa ardhi, panda magotini, tumboni, mabegani, hadi taya. Mara nyingi utakuta taya limekazwa na mabega yamepanda. Yaachie.

5. Fuata pumzi. Ivute ukihesabu moja hadi nne, itoe ukihesabu moja hadi sita. Usiibane. Fanya hivyo mara 10, kisha iache iende yenyewe, uitazame tu inavyoingia na kutoka, kama maji yanavyojaa na kupwa kwenye mikoko bila kuamriwa na mtu.

6. Sikiliza. Jogoo, mchi wa jirani, adhana ya msikiti, injini ya boti mbali mtoni. Usiichague iliyo nzuri na kuikataa iliyo mbaya. Zote zinakuambia uko wapi.

7. Wazo likija, litaje kwa neno moja: "deni," "hofu," "mtoto." Kisha rudi kwenye pumzi. Likija mara 50, rudi mara 50. Kule kurudi ndiko mazoezi yenyewe, kama vile mkono unavyopata nguvu kwa kurudia kutwanga.

8. Baki. Ukisha kutulia, acha kuhesabu. Tambua tu kwamba upo, na kwamba Mungu yupo. Ukipenda, litaje jina la Yesu kila utoapo pumzi.

9. Maliza kwa Baba Yetu. Inuka taratibu. Kisha kazi ya kwanza utakayoifanya, hata kama ni kuosha kikombe, ifanye ukiwa nayo.

WAKATI WA TUFANI

Zoezi hilo ni la kila siku. Kwa yule ambaye hofu humshika ghafla usiku, kuna zoezi fupi zaidi. Wavuvi wetu wanajua kwamba nanga haizuii upepo. Kazi yake ni kushikilia chombo kisichukuliwe. Basi tia nanga hivi: keti, kanyaga sakafu kwa nguvu kwa nyayo zote mbili, shika mbao za kitanda. Sema jina lako, mahali ulipo, na siku ya leo. Taja vitu vitano unavyoviona au kuvisikia. Toa pumzi polepole mara kadhaa.

Kisha tazama nje. Hili ni la muhimu sana. Kuwapo kweli ni kuona mambo yalivyo. Ikiwa ni mvua tu, umeiona kuwa ni mvua tu, rudi ulale. Ikiwa maji yanapanda kweli, huo si wakati wa kukaa na kupumua. Waamshe watoto, chukua dawa na vyeti, nendeni mahali pa juu. Mtu aliyetulia huokoa watu wengi kuliko aliyechanganyikiwa.

SHIDA ZINAZOJITOKEZA

"Nasinzia." Huenda umechoka, lala kwanza. Ukiwa umelala vya kutosha na bado unasinzia, fumbua macho au fanya ukiwa unatembea polepole, ukisikia kila hatua.

"Sina nafasi, nyumba imejaa watu." Ukimya wa nje ni msaada, si sharti. Watoto wafundishwe kuketi nawe kwa dakika 2. Wengi wao huweza upesi kuliko sisi.

"Sioni faida." Faida haionekani siku ya kwanza. Huonekana baada ya wiki kadhaa, mara nyingi mahali usipotazamia: mkono uliokuwa umeinuka kumpiga mtoto unashuka, au unagundua mapema kwamba mwili wako una homa.

"Machozi yanatoka." Yaache. Lakini zikija picha za mambo mabaya uliyoyaona, usijilazimishe. Fumbua macho, kanyaga chini, tazama vitu vilivyo karibu, na uwe na mtu unayemwamini. Kwa walioona mauaji au kufiwa kwa ghafla, ni heri kuanza na dakika 1 au 2, macho wazi, na wasiwe peke yao.

TAHADHARI

Tafakuri haichukui nafasi ya dawa. Kwa baadhi ya watu husaidia kushusha shinikizo la damu kidogo. Hata hivyo, aliyeandikiwa vidonge vya shinikizo, kisukari au kifafa asiviache hata siku moja. Mwenye homa apimwe malaria siku hiyo hiyo. Shinikizo la 140/90 au zaidi lipimwe tena na lifuatiliwe na mhudumu wa afya.

Fikeni hospitali bila kuchelewa mkiona mojawapo ya haya:

- maumivu ya kifua, au kukosa pumzi mtu akiwa amekaa;
- mama mjamzito mwenye maumivu makali ya kichwa, kuona ukungu au kuvimba uso na mikono;
- huzuni au kukosa usingizi kunakozidi wiki mbili na kumzuia mtu kufanya kazi zake;
- kusikia sauti ambazo wengine hawazisikii;
- kusema au kuwaza kwamba ni heri kufa.

Mtu wa namna hii ya mwisho asiachwe peke yake, wala asigombezwe kwamba hana imani. Eliya alikuwa na imani, naye aliomba kufa. Mtu huyo aletwe. Na jirani asifanye haraka kusema ni mashetani; ugonjwa wa akili ni ugonjwa, na una matibabu.

MASWALI KWA JUMUIYA NDOGO NDOGO

1. Kwa siku ya jana, ni saa ipi ulikuwapo kweli? Ni saa ipi mwili ulikuwapo na akili haikuwapo?

2. Katika jumuiya yetu, ni nani ambaye bado halali tangu mafuriko? Nani atakwenda kumwona wiki hii?

3. Ni kazi ipi ya mikono hapa kwetu inayomsaidia mtu kutulia? Twawezaje kuifanya iwe sala?

4. Kabla ya kufunga mkutano, ketini kimya pamoja kwa dakika 3. Kisha kila mmoja aseme sauti moja aliyoisikia.

Wapendwa, kesho mtu atakuuliza njiani, "Upo?" Kabla hujajibu, sikia nyayo zako ardhini, toa pumzi moja, mtazame usoni. Halafu itika. Huenda naye akasimama, akakueleza jambo ambalo hajamwambia mtu yeyote.

Mungu awabariki na kuwajalia afya njema.